Msiba wa Mpagazi wa Mninga

Nawaambieni jambo hili mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Tabora nzima inalo na kila anayelisimulia anatia chumvi yake: mimi Nyamizi, mtu mzima na akili zangu, niliwahi kuliza mtaa mzima kwa ajili ya gogo la mninga. Chekeni tu, nimeshazoea, hata sokoni nikipita wauza dagaa wananiuliza nazika lini tena.

Kazi yangu mnaijua (mama anasema napachika picha ukutani, basi, na kwa kweli siku nyingi ni hivyo hivyo): naandaa maonyesho ya sanaa, nakutanisha wasanii wa huku na wa kule, kazi zao zikae chumba kimoja watu waje waone. Miaka mingi nimefanya hivyo kwenye miji ya watu, nikarudi nyumbani na hamu moja tu, na sisi tuwe na nyumba yetu ya sanaa, wafinyanzi na wachongaji wapate pa kufanyia kazi. Nikalipenda ghala moja kuukuu karibu na stesheni, mali ya Mzee Mihayo, naye akaniazima kwa siku moja. "Nikiona watu wamekuja tutaongea," alisema. "Nisipowaona, kesho yake nampa mtu wa mchele." Basi usingizi wangu wote ulikuwa umeishia hapo.

Maonyesho yenyewe yalihusu njia ya misafara, ile waliyopita wazee wetu na mizigo kichwani kutoka ziwani hadi pwani. Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika alikuwa anakuja kwa treni Bwana Mulamba, Mkongo, msanii wa kufuma vitambaa. Na kikundi chetu cha wafinyanzi na wachongaji wa kijijini Puge kilichonga mpagazi wa mninga, mrefu sawasawa na mtu, na tukakubaliana azungushiwe marekani, kile kitambaa cheupe walichokuwa wakilipwa wapagazi enzi hizo, tuje tumfunue mbele ya wageni.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Siku hiyo lori la kumleta likaharibika, tukapata pikapu iliyo wazi, tukamlaza chali, miguu ikatokeza nje, na Juma dereva akakataa kuwasha gari mpaka tufunge kitambaa chekundu, sheria za barabarani hizo. Mvua ilikuwa inanyunya, akawasha taa. Akina mama wanne wa kikundi wakakaa ubavuni kumzuia asibiringike, wamejitanda khanga mpaka kichwani kwa sababu ya baridi, na Mama Holo, mwenyekiti wao, akaanzisha wimbo wa kanisani wa kupunguza safari. Jamani, hebu itazameni hiyo gari kwa macho ya mtu aliyesimama barabarani.

Mimi nilikuwa mbele na simu sikioni, sikuona kitu. Tulipokaribia mjini tukakuta foleni ndefu, malori yanakaguliwa, na wageni walikuwa wameshaanza kufika ghalani. Askari akatujia, akachungulia nyuma, akavua kofia. "Poleni sana wafiwa," akasema. "Piteni, msisubiri." Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, afande, hii ni sanamu. Neno moja tu. Nikaangalia saa, nikaangalia yale malori, nikasema, "Asante, afande, tumeshapoa." Juma akanikodolea macho, nikamwambia akanyage mafuta.

Kumbe nyuma yetu kulikuwa na vijana wa bodaboda wamesikia. Mmoja akasogea kumuuliza Mama Holo nani amefariki, na Mama Holo (alidhani kijana anatania, mpaka leo anaapa) akamjibu kwa sauti ya majonzi, "Mpagazi, baba. Ametembea sana." Ikawa imetosha. Bodaboda zikatangulia, zinapiga honi, zinasimamisha bajaji, zikatuongoza kuelekea Kitete, wakidhani tunakwenda kuhifadhi mwili hospitali, nami nikamwambia Juma akate kona kwenda stesheni, tukakata, na msafara mzima ukakata na sisi.

Kufika ghalani watu wameshapata habari kwa simu za bodaboda. Wanawake wakapokea kwa vilio, wanaume wakawa wanapanga viti vyangu vya wageni kimatanga, mtu ameshauliza kuni. Bwana Mulamba ameshuka kwenye treni muda si mrefu, amekaa chini, viatu pembeni, ananishika mkono na kuniambia, "Pole, dada, ni baba ama ni kaka?" Na Mzee Mihayo, aliyefunga duka lake, alikuwa anafuta machozi kwa baraghashia. Nilijaribu kusema. Kila nikifungua mdomo mtu ananikumbatia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyenimaliza ni Bi Mwanahawa, Mzaramo anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, yaani mtani wetu Wanyamwezi toka enzi za hiyo hiyo njia ya Bagamoyo. Mtani msibani ana ruhusa ya mzaha wowote na ya kudai chochote, nani anamzuia? Akapanda kwenye pikapu. "Mnyamwezi gani huyu anaingia mjini amelala? Babu zake waliingia wamebeba. Mzigo wangu uko wapi?" Akajilaza ubavuni mwa marehemu, akamsukuma kwa kiwiko, kisha akamgonga kwa vidole, ko ko ko. "Nyie, mbona maiti yenu inalia kama meza?"

Akafunua. Watu wakamwona mpagazi wa mninga na mzigo wake, kisha wakanigeukia mimi.

Nikasema yote: foleni, askari, lile "tumeshapoa" langu. Wapo waliocheka, wapo waliosonya. Mzee Mihayo hakucheka. "Nimefunga duka, nimelia mbele za watu, kwa ajili ya kuni?" Akatoa ufunguo wa ghala mfukoni, nikajua anakwenda kufunga. Machozi yakanitoka, na hayo hayakuwa ya kuigiza.

"Kwani waliokufa njiani ninyi mliwalilia lini?" Bi Mwanahawa aliuliza, bado amelala palepale. "Mliwaacha vichakani mkaendelea na safari. Leo mmemlilia mmoja, mnaona aibu. Mimi mtani wake sishuki hapa mpaka nipewe haki yangu, na haki yangu ni huo ufunguo." Watu wakaguna. Mzee Mihayo akamgeukia, lakini mtamkasirikia vipi mtani msibani? Akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akashika gari. "Chukua," alisema. "Lakini arobaini ikiisha narudishiwa." Bi Mwanahawa akanirushia mimi. Watu hawakuondoka. Walimbeba mpagazi begani mpaka ndani, Bwana Mulamba akamtandikia kitambaa chake miguuni, ghala likajaa hadi mlangoni.

Tangu hapo nimeapa, askari akinipa pole ya chochote, hata ya mafua, nitateremka nimweleze hali yote, foleni na iwe ndefu kama reli. Na ufunguo? Ninao. Mzee Mihayo alikuja juzi kuuliza kama arobaini haijaisha, akawakuta akina mama wa Puge wanafinyanga, Bi Mwanahawa anawauzia chapati. Huyo mtani akamjibu kwamba arobaini ya Mnyamwezi huhesabiwa na mtani wake, na yeye bado hajaanza kuhesabu.