Kopo Lenye Nishani

Mjukuu wangu ana tabia ya kuniuliza maswali nikiwa nimeshika kikombe cha chai ya moto, akijua siwezi kumkimbia. Juzi alitazama filamu iliyopewa tuzo huko ng'ambo, akalia mpaka leso yangu ikalowa, kisha akanigeukia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza. "Babu, mbona filamu zinazosifiwa zote ni za majonzi? Kwani anayechekesha watu hafanyi kazi?"

Nilimwambia anawe uso kwanza. Lakini swali lenyewe nalijua vizuri. Nililibeba Garissa wakati wa vita, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na nililibeba kwa chuki.

Nilikuwa karani wa sinema. Ofisi ya habari ilikuwa na gari, jenereta, projekta na shuka kubwa jeupe, na kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watu picha. Sikuchagua Garissa; mtu wa bara kama mimi alipelekwa huko kwa barua, akaambiwa avumilie. Vita vya Wasomali wa huko kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa katika mwaka wa tatu. Barabara ya Nairobi ilipitika kwa msafara tu, mara moja kwa juma, askari mbele na askari nyuma. Wafugaji wengi wa karibu walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja nje ya mji, kikazungushiwa ua wa miiba, na kwa kuwa hawakuweza kufuata malisho ya mbali, ngamia wao walikuwa wakiisha mmoja mmoja.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Sasa sinema utaionyesha lini, na sinema inataka giza? Tulitumia banda la kukaushia ngozi lililokuwa ukingoni mwa kijiji. Tuliziba madirisha kwa magunia, tukawaingiza watu alasiri, tukafunga mlango. Joto lilikuwa la kuoka mkate, na harufu ya ngozi mbichi ilikufuata mpaka kitandani. Watu walikuja hata hivyo. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Msaidizi wangu alikuwa mzee mmoja wa mjini, zamani mchinjaji, aliyejifunza Kiswahili sokoni, na kila "p" kinywani mwake iligeuka "b". Mimi nilimnong'onezea kinachotokea kwenye picha, naye akakisema kwa Kisomali kwenye kipaza sauti. Nikisema maneno matano yeye alisema hamsini. Niliwahi kumwuliza anaongeza nini, akanijibu, "Bwana karani, wewe nasema mifuba tubu. Mimi naweka nyama."

Tulikuwa na makopo mawili ya filamu. La kwanza lilikuwa na vichekesho vya mwoka mikate mnene, anayeanguka kila anapogeuka. La pili lilikuwa na karatasi iliyochorwa nishani, kuonyesha kwamba filamu hiyo ilishinda zawadi Ulaya. Mkubwa wangu aliitazama mara moja, akaniambia nilifungie kabatini. "Wazungu wanagawa nishani kwa machozi," alisema. "Hawa watu wana machozi ya kutosha. Wapelekee kicheko." Nilikubali haraka, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yangu ilikuwa barua. Ilifika na msafara, imeandikwa kwa mkono wa mke wangu. Binti yetu wa kwanza, wa miezi minane, alishikwa na homa Jumatatu, na Alhamisi wakamzika. Mwishoni aliandika neno moja: nijibu. Sikuweza. Niliketi na kalamu, nikaandika "Mke wangu mpendwa", nikachana. Msafara ukaondoka bila barua yangu. Wa pili ukaondoka. Kisha nikapata kipande cha karatasi kutoka kwa mchungaji wetu, akisema mke wangu anataka kujua kama mume wake bado yu hai, na kama yu hai, ana moyo gani. Nacho sikukijibu.

Sikumwambia mtu. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri, basi, na maisha yanaendelea. Wenyeji nao walikuwa hivyo hivyo. Salamu yao ni kuuliza kama kuna amani: "Nabad?" Na jibu ni amani: "Waa nabad." Mtu amepoteza ngamia ishirini na ndugu wawili, ukimsalimu anakujibu amani. Niliwaona kuwa watu wagumu kama mawe. Sikujiona mimi.

Siku tuliyoonyesha vichekesho, sikuwahi kuona aibu ya namna ile. Mwoka mikate alijikwaa, akaangusha madebe ya maziwa, moja baada ya jingine, maziwa yakatiririka barabarani. Kwetu watu wangevunjika mbavu. Katika banda lile wanawake walivuta pumzi kwa pamoja, kama mtu aliyeguswa na kaa la moto. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele alisimama akasema jambo, na mzee wangu akanitafsiria:

"Mama nauliza, hii maziwa yote namwaga, watoto yao nakunywa nini?"

Nilicheka peke yangu, kwa sauti kubwa, kwa kuwakomoa. Nilitaka wacheke ili nami nipate ruhusa ya kuendelea kucheka. Hawakucheka hata mara moja.

Juma lililofuata filamu ile ya mwoka mikate iliungua kwenye projekta kabla hata haijaanza. Banda lilikuwa limejaa, watoto wamekaa miguuni pangu, mkubwa wangu amekwenda Wajir. Kopo lenye nishani lilikuwa garini, kwani asubuhi nililitoa kabatini pamoja na vyombo vingine bila kuangalia. Ningeweza kuwarudisha watu. Niliwaza, na waone hicho kinachosifiwa, tumalize.

Ilikuwa hadithi ya mtu maskini wa nchi ya theluji. Mzee aliita theluji jangwa jeupe, na wote wakaelewa. Mtu huyo alikuwa na farasi mmoja jike na binti mdogo, na binti akashikwa na homa. Hapo ndipo nilipojua inakoelekea, nikaona mkono wangu unakwenda kwenye swichi. Sikuizima. Baba akapanda farasi kwenda kumtafuta daktari. Banda zima likaanza kumshauri: wanaume wakampigia kelele asimkimbize mnyama, amwache apumue, apite upande ule wenye miti. Farasi alipoanguka, wazee wakashika vichwa. Baba akaendelea kwa miguu, akampata daktari, wakarudi pamoja. Mlango ukafunguliwa. Mtoto alikuwa kitandani, amefunikwa shuka mpaka usoni.

Nilikuwa nikinong'ona mpaka hapo.

"Sema, bwana karani," mzee akaniambia. "Watoto amebona ama nini?"

"Amekufa," nikasema.

Akawaambia. Sauti moja ikaanza, na nyingine, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", na mikono ikainuliwa gizani, wakamwombea yule mtoto wa jangwa jeupe. Wanawake walilia waziwazi. Watu wa nabad, watu niliowaita mawe, walilia kama waliokuwa wakisubiri tu mtu awafungulie. Filamu ikaisha, utepe ukawa unapiga papapapa kwenye gurudumu na hakuna aliyekuwa akitazama shuka.

Yule mama wa maziwa akainuka. Hakwenda mlangoni, alikuja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bole," akasema, neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, kisha akaongeza kwa lugha yake, na mzee akanitafsiria: "Mama nasema Mungu akube subira. Nauliza, hii msichana ilikuwa ya kwako?"

Nilimwelewa. Kwao habari ya msiba huletwa na mtu wa msiba. Nani abebe kifo cha mtoto asiye wake ndani ya kopo, akipita nacho kijiji hadi kijiji? Nilipaswa kumweleza kwamba ni picha tu, ni watu wa kulipwa, mtoto yule aliamka akaenda kula chakula chake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

Mzee akakiweka kipaza sauti chini. "Hii ya sinema," akauliza polepole, "ama iko ingine?"

"Iko nyingine. Nyumbani. Sasa ni majuma matatu."

"Jina yake?"

Nikalitaja. Sikuwa nimelitamka tangu barua ifike, na lilipotoka lilitoka na kilio ambacho bado nakionea aibu kidogo. Mzee akawageukia, akalisema jina hilo kwa sauti yake ya sokoni, na mikono ambayo ilikuwa imeshushwa ikainuliwa tena.

Asubuhi yake mzee alikuja ofisini na kibuyu kidogo cha maziwa ya ngamia, kutoka kwa wanawake wa kijiji kilichokuwa kimebakiwa na ngamia wachache mno. Mfiwa hakai na njaa, alisema. Niliyanywa yote mbele yake.

Kisha nikaketi, nikamwandikia mke wangu. Nilimwambia barua yake ilifika. Nilimwambia kwa nini nilinyamaza, na kwamba nyuma ya ua wa miiba kuna watu waliomwombea binti yetu kwa jina lake. Msafara wa juma lile ulipoondoka, barua yangu ilikuwa ndani.