Wifi imeshika, na nimechukizwa

Leo fundi amenifanyia kitu cha kuchukiza, na mimi nikamwambia asante.

Laptop yangu inaendeshwa na mfumo huru kabisa. Programu zote zilizomo, mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma. Niliuweka mwenyewe baada ya kumaliza shule.

Shida ilikuwa wifi. Tukaenda Thika na tata, dadake mama, kununua kile kidude cha USB cha kushika wifi. Nilichagua aina ninayojua inakubali.

Kukijaribu palepale dukani, kumbe boksi tu ndilo lilelile. Chipu ya ndani wameibadilisha kimyakimya.

Hii mpya haiwaki bila programu ndogo ya kampuni, na hiyo wameifunga, hakuna anayeruhusiwa kuisoma.

Nikamweleza fundi wa duka, kwa hii sauti yangu ya chini, kwamba sitaki programu iliyofungwa.

"Kwani laptop yako imeokoka?" akaniuliza.

Duka zima likacheka. Hata tata.

Fundi akaichukua laptop, akachomeka flashi, akaanza kuweka ile programu. Mashine ikauliza nywila.

"Andika, mami, turudi Ruiru," tata akasema.

Nikaiandika. Kwa vidole vyangu.

Sasa wifi inashika vizuri sana, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Ninahisi kama mtu nisiyemjua ameingia chumbani kwangu akalala kitandani na viatu.

Nyinyi mngemwambia nini pale dukani?

Nijibuni leo. Nikimaliza kusoma majibu yenu ninaitoa hiyo programu, na hamtaniona hapa hadi nipate kidude chenye chipu ya zamani.