Pini Ninazo, Uzi Sina

Ukifika soko la Mwanga ukamuulizia fundi Hamdani, utaulizwa kwanza, "Yupi, yule mwoga?" Ndiye mimi. Sikatai. Mpira sikuwahi kucheza, nazi sikuni, na ngazi napanda kama naingia kaburini. Nikijigonga goti kwenye meza ya cherehani, linavimba mpaka suruali inakataa kupita, nami nalia mbele ya wateja bila haya. Mke wangu husema aliolewa na yai. Najitetea kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kicheko kinakuja kila siku.

Mama yangu, Bi Saumu, alikuwa na dawa moja ya yote hayo: kuongezewa damu. Tangu utotoni kule Ujiji nimelishwa matembele, maini na juisi ya rozela hadi nikaogopa na sahani. Nilijivunia lakini. Nilipotahiriwa nilivuja hadi godoro likatupwa, na kwa hesabu zangu mwenye damu nyingi ndiye anayevuja nyingi. Nimeisimulia tohara ile kama vita niliyopigana, ingawa waliokuwepo wanakumbuka tu kwamba nilimng'ata mtu.

Mwaka jana niling'olewa jino. Damu ikatulia, nikaenda zangu nyumbani, kisha ikaanza upya na ikagoma kabisa kukatika. Daktari Rozalia, binti wa Kidahwe, akanilaza wodini na kutuma damu yangu ikapimwe Mwanza. Majibu yalipokuja alivuta kiti.

"Baba, damu unayo ya kutosha," alisema. "Uboho ulio ndani ya mifupa yako unatengeneza chembe zote. Nyekundu zinabeba hewa, nyeupe zinapigana na maradhi, na zile ndogo kabisa zinakimbilia palipotoboka na kuziba. Zote ni nzima."

"Sasa tatizo nini, daktari?"

"Kizibo cha chembe ndogo ni cha muda. Kinahitaji nyuzi za kukishikilia, na nyuzi hizo hazifumwi vizuri mpaka kuwe na protini fulani inayotengenezwa na ini. Wewe unayo kidogo mno. Ugonjwa huu unaitwa himofilia."

Hapo nikaelewa, maana aliniongelesha kwa lugha ya kazi yangu bila kujua. Kumbe pini ninazo, uzi sina. Nguo ya pini inapendeza ukiwa umesimama. Subiri uinue mkono.

"Na maini yote niliyokula?"

"Maini ni mazuri, baba. Ila ini la ng'ombe haliwezi kulifundisha lako kazi."

Kisha akaniuliza kama nina dada. Nikamwambia ninaye mmoja, Hasna, na ni mjamzito. Daktari akaweka kalamu chini. Ugonjwa huu, alisema, mara nyingi mama huubeba bila yeye mwenyewe kuumwa, akamrithisha mwanawe wa kiume. Hasna akijifungua wa kiume, mtoto asikatwe popote kabla hajapimwa.

Nilifika nyumbani nikawaambia wote. Walicheka mpaka mama akashika mbavu. "Wewe ukikatwa kucha unaandika wasia," alisema. "Leo tukusikilize habari za wembe?"

Hasna akajifungua wa kiume.

Kwetu siku ya saba mtoto hunyolewa na kupewa jina, na siku hizi ukoo wetu huunganisha na tohara papo hapo, si ukubwani kama enzi zetu, asubuhi, milango imefungwa. Kaka yake mama alifia jandoni, ikasemwa alipigwa jicho. Tangu hapo, siku ya tohara hata tundu la kitasa tunaliziba kwa tambara. Mapazia mazito ya madirisha niliyashona mimi mwenyewe, kwa mishono miwili, jicho lisipenye.

Basi tukawa gizani, taa ya chemli katikati. Mzee Swaibu, ngariba wetu, akafungua wembe. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee. Usimkate. Damu yetu haikai, nitawaonyesha."

Nikachukua mkasi, nikafumba macho, nikajichoma kidole gumba. Damu ikatoka. Wote wakainama kuangalia. Tukasubiri. Ikakatika.

Sijawahi kuchekwa vile, na mimi ni mzoefu. Daktari alikuwa ameniambia kuwa jeraha dogo chembe ndogo hulimudu zenyewe, lakini wakati anasema hayo mimi nilikuwa nawaza maini. Pini zilifanya kazi yao, zikaniumbua mbele ya ukoo mzima.

"Kaa chini, mwanangu," Mzee Swaibu akasema kwa huruma. "Jina la mtoto?"

"Saidi," mama akajibu. "Kama kaka yangu."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na safari hii sikuiogopea ngozi yangu. "Mama," nikasema huku nalia, "huyo Saidi damu yake haikukatika?"

"Ilikatika. Tulipiga vigelegele. Jioni ndiyo ikaanza tena, na..."

"Na yangu?"

"Yako ilikatika, kisha..." Akalitazama shavu langu, upande ule wa jino. Kicheko kikaisha chumbani.

Mzee Swaibu akaufunga wembe. "Baba yangu ndiye aliyemkata Saidi," alisema polepole. "Amekufa akiamini mkono wake ulikuwa na laana."

Hasna alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama alikwenda dirishani, akalishika pazia langu.

"Miaka yote nafunga mlango," akasema, "na kitu chenyewe nimekibeba mimi."

"Hukukichagua, mama," nikamwambia.

Mtoto alipimwa. Ni kama mimi. Tohara atafanyiwa hospitali, akishachomwa kwanza dawa ya kugandisha damu, na nimeshaombwa nisihudhurie, maana daktari hana kitanda cha kunilaza na mimi.

Saidi alipoanza kutambaa, mama alinijia dukani na lile pazia begani. Akataka suruali za mtoto zenye magoti ya tabaka tatu. "Kitakachobaki ushone na yako," akasema.

Nikaanza kushona, macho yakaingia ukungu, sindano ikanipata kidole. Nikapiga kelele kama kawaida yangu. Mafundi wenzangu wakacheka. Mama hakucheka. Alikishika kidole changu, akakibana kwa upindo wa khanga yake. Damu ilikatika mapema tu, na alijua, lakini hakukiachia.