Siku ya Mwisho ya Bulldog wa Chuo

Jumamosi, nje ya ukumbi wa mahafali huko Fort Worth, akina mama wa Kikongo walitandika vitenge vipya chini, kimoja baada ya kingine, ili binti yao akitoka na joho lake apite juu kama malkia.

Kabla binti hajatokea, akatokea mbwa. Alikuwa bulldog wa chuo, yule anayevishwa jezi na kuzungushwa uwanjani kila mechi watu wampige picha. Alikanyaga kitenge cha kwanza, akapiga chafya, akajilaza juu ya cha pili na kuanza kukoroma.

Mama wa binti aliinua mkoba amfukuze. Mwanafunzi aliyeshika kamba ya mbwa huyo akaomba radhi kwa Kiingereza, nami niliyefuatana nao nikamtafsiria mama: mbwa amezeeka, miguu inamuuma, na leo anastaafu.

Mkoba ukashuka polepole.

"Kumbe na yeye anamaliza leo?"

"Leo hii, mama."

"Basi mumuache."

Akainama, akavuta pindo la kitenge, akamfunika mgongo. Mama huyohuyo, asubuhi kwenye maegesho, alikuwa amejificha nyuma yangu alipoona kijibwa cha mtu kilichobebwa kwenye mkoba.

Binti akatoka, joho likipepea. "Mom, why is there a dog?" akauliza, akimshangaa mbwa.

"Zunguka, mwanangu. Muzee amelala."

Binti akazunguka. Nimehudhuria mahafali mengi, lakini vigelegele vya kunong'ona nilivisikia siku hiyo tu.