Siku Baba Alipoingilia Mahojiano

Baba yangu, mfanyabiashara wa nazi hapa Tanga, alipenda kusema kwamba waliokufa hawaajiri mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake dhidi ya shahada yangu ya historia. Nilipomaliza mwaka wa pili akaniwekea sharti: likizo hiyo nimwonyeshe faida ya masomo yangu, la sivyo niache, nianze upya uhasibu. Nami historia naipenda, sikufichi. Nilikonda kwa wasiwasi.

Chuo kilinitaka nikusanye habari za ngoma za kinamama wa kijiji cha Kigombe. Baba hakukubali nikabishe hodi majumbani mwa watu peke yangu, akafuatana nami, kanzu imenyooka, uso umekunjamana.

Tulimwendea bibi mmoja aliyekuwa mwimbaji mashuhuri enzi zake. Nikamwamkia, nikawasha simu irekodi, nikauliza kama tulivyofundishwa: ngoma ilianza lini, nani aliianzisha.

"Ya kale hayo, mwanangu, nani atayakumbuka," akajibu, huku anasuka ukili wake wa mkeka. Kila swali, jibu lilelile. Nikauona uhasibu unakuja.

Baba, ambaye kwa ubishi wa barazani hana mpinzani, akaishiwa subira. "Usimchoshe bi mkubwa bure. Ngoma hapa ililetwa na watu wa Pangani. Kigombe hapakuwa na kitu."

Bibi akaweka ukili chini. "Pangani? Hao Pangani ndio waliokuja kufunzwa hapa, na aliyewafunza ni mama yangu mzazi."

Basi tena. Akaeleza, akaimba, akamwita jirani awe shahidi. Jirani akapinga ubeti mmoja, wakaanza upya wote wawili. Watu wetu ndivyo walivyo: ukiwauliza watanyamaza, lakini ukikisema vibaya kijiji chao, hawalali na deni. Hilo hakuna mhadhiri aliyenifundisha. Baba sasa alikuwa anauliza kuliko mimi: walivaa nini, nani alipiga ngoma, waligombania nini. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, furaha tupu.

Kesho yake jioni nilikuwa nawapelekea Baba na rafiki zake kahawa barazani kwetu. Rafiki yake mmoja akamwuliza kama nimeshajiandikisha huo uhasibu.

Baba akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Uhasibu wa nini? Sisi tunasoma historia," akasema. "Tumebakiza mwaka mmoja."