Kufuli la Mtaa Mzima

Kila mtaa una kitu chake cha kuringia. Mtaa mmoja una kisima kisichokauka, mwingine una kijana aliyesajiliwa kucheza mpira ng'ambo. Mtaa huu wa mafundi na maduka ya vitambaa ulikuwa na ubikira wa Shangazi Kufuli. Mwenyewe alikuwa ameshavuka hamsini, mrefu, mkavu, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi wa kushonea, na kazi yake ilikuwa kushona magauni ya maharusi. Alikuwa amewavisha mama na baadaye binti zao, na yeye hajawahi kujitupia shela kichwani hata kwa kujaribu.

Jina la Kufuli alibandikwa na dereva wa lori aliyemposa zamani akakataliwa. Dereva alikusudia kumtukana, lakini watu wakalipenda, likageuka sifa. Mchungaji akamtaja kwenye mahubiri. Shehe wa barabara ya pili, ambaye hajapata kumtia machoni, akazisikia habari zake akamtaja naye, bila kujisumbua kueleza kwamba huyo anayemsifu anasali kwingine. Akina mama wakitaka kuwatisha binti zao walisema, "Mtazame Shangazi Kufuli. Amekufa?" Mabinti walimtazama, wakamwona ameketi peke yake na pini mdomoni, wakaenda kuamua kila mmoja kivyake.

Ukweli ni kwamba hakuweka nadhiri yoyote mahali popote. Dereva yeye ndiye aliyemkataa, kwa sababu jamaa alikuwa akicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza. Akaja karani mmoja mpole, lakini alikuja na mama yake, na mama ndiye aliyezungumza kuanzia salamu hadi kwaheri. Shangazi akaona akikubali pale atakuwa ameolewa na mama. Kisha mama yake mwenyewe akaugua, ugonjwa mrefu wa kugeuzwa kitandani, na walipokuja kumzika, wanaume wa rika lake walikuwa wanatafutia wana wao wachumba. Wakati ule watu walimsema kwamba mchagua jembe si mkulima. Miaka ikapita, wakasahau kama walisema, wakaanza kudai ana nguvu za kiroho.

Na yeye naye, tusimpambe kupita kiasi, alinogewa. Kila penye shughuli alipewa kiti cha mbele. Walevi waliopita mlangoni pake walichomekea mashati. Siku nyingine akipita mbele ya kioo cha wateja alinyoosha shingo kidogo, akajitazama kama mtu anayetazamwa, akaridhika.

Lakini kazini alikuwa na mtindo wake mmoja ambao hakuwahi kumwambia mtu. Kila gauni alilokata aliliachia akiba ya kitambaa kiunoni, ndani ya mshono, akaikunja na kuishikiza kwa mkono ili siku ya siku ifumuke bila shida. Aliwaachia wote: binti wa mchungaji, binti wa muuza mkaa, hata wale walioletwa na mama zao huku mama wakiapa kwa majina yote matukufu. Maana kati ya siku ya kupimwa na siku ya harusi, viuno vina tabia ya kubadili mawazo. Bibi harusi angekuja jioni, ananyatia, anasema labda siku hizi anakula sana. Shangazi hakuinua hata jicho. "Kitambaa hiki husinyaa kikipigwa pasi, mwanangu. Kosa langu. Vua nikurekebishie." Angefumua, angeshona, na Jumamosi angekwenda harusini kukaa kwenye kiti chake cha mbele, mdomo umefungwa kuliko hilo kufuli lenyewe.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kaburini kama cherehani yake isingeanza kuruka nyuzi. Akaitwa fundi wa cherehani, mwanamume mpana, mgane wa miaka kadhaa, kucha nyeusi kwa mafuta ya mashine na sauti ya chini isiyo na haraka. Akaitengeneza, akanywa chai, akaenda. Wiki iliyofuata ikaharibika tena. Na iliyofuata.

"Shangazi, skrubu hii imelegea tena," fundi akasema siku hiyo, amepiga magoti chini ya meza.

"Mashine za siku hizi," Shangazi akasema.

"Hii ni ya zamani kuliko mimi na wewe."

"Basi ni uzee."

"Uzee haufungui skrubu kwa kisu. Alama naiona hapa."

Shangazi aliinama kutafuta pini ambayo haikuwa imeanguka, na akakaa huko chini kitambo kizuri. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwanamke huyu aliyesifiwa kanisani na msikitini alikuwa akianza siku kwa kulegeza skrubu za mashine yake mwenyewe, kisha anakwenda kujipaka wanja.

Fundi hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa chake, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Sikiliza, mama. Binti yangu ananiita nikaishi kwake, mji wa mbali. Chumba ameshaniandalia. Nimemwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi. Nikienda nimekwenda, umri wa kuhamahama umeshanipita. Lakini ukiniambia nikae, nitakaa. Na si kwa ajili ya cherehani."

Shangazi akasema atafikiri. Fundi alipotoka, akashona mkono wa gauni la watu juu chini, akaufumua, akaushona tena vilevile.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa binti wa kaka yake, mwalimu wa fasihi katika sekondari, msichana mwenye maneno mengi na subira kidogo. Alikuja kupunguziwa sketi. Akasikiliza, akapiga makofi kwa furaha, kisha akaona uso wa shangazi yake.

"Sasa unaogopa nini?"

"Watu."

"Watu gani, shangazi? Wanafunzi wangu nikiwaambia shangazi yangu hajawahi, wananiuliza anaumwa nini. Wazee wao wanasema ni malaika. Hakuna anayekuuliza wewe."

"Na hivyo vitabu unavyofundisha vinasemaje?"

Mwalimu akacheka. "Vitabu vyetu, yule binti akiteleza tu, sura ya tisa tunamzika. Kijana aliyeteleza naye anakuwa mhandisi. Asiyeteleza anaolewa ukurasa wa mwisho, na hapo kitabu kinafungwa upesi, eti tusichungulie. Mtu kama wewe, anayelipa kodi ya duka, anayeumwa mgongo, anayempenda fundi cherehani, bado sijamkuta."

"Sikusema nampenda."

"Wanja huo umempakia nani, shangazi? Mteja?"

Shida ilikuwa na jina na cheo. Mwenyekiti wa kina mama alikuwa ameandaa mkutano mkubwa wa mabinti, katika ukumbi wa shule, na mada ilikuwa usafi wa mwili na moyo. Mzungumzaji mkuu, bila hata kuulizwa, ni Shangazi Kufuli. Mwenyekiti alikuja dukani mwenyewe na hotuba iliyokwisha kuandikwa. Shangazi akaona heri aseme mapema.

"Mwenyekiti, tafuta mwingine. Mimi huenda nikaolewa."

Mwenyekiti akakaa. Kisha akasimama. Kisha akafunga mlango. "Na nani?"

Akaambiwa.

"Yule wa mafuta mikononi? Dada, umri huu? Kwa lipi? Watoto hutazaa. Sasa utasema ni nini kilichokupeleka?"

Kilichompeleka Shangazi alikijua, na kilimfanya apate joto masikioni.

"Dini inawasifu wanaojitunza," mwenyekiti akaendelea.

"Anayetunza kitu, dada yangu, si anakitunzia matumizi?"

"Usinifanyie mzaha! Heshima yako si yako peke yako. Ni ya mtaa mzima. Tutawaambia nini mabinti? Kwamba hata wewe umeshindwa? Mimi nilifika siku yangu ya harusi nikiwa safi, namshukuru Mungu, lakini mimi ni mtu wa kawaida tu. Wewe ni mfano."

Hapo ndipo Shangazi Kufuli alipokaribia kutenda dhambi ya kweli. Maana nyani haoni kundule, na gauni la mwenyekiti alilishona yeye. Alilikumbuka vizuri: akiba yote ya kiunoni iliisha, ikabidi aongeze kitambaa alichokata kwenye pindo, na bado siku ile bibi harusi alipumua kwa zamu. Mtoto akazaliwa njiti, kabla miezi haijatimia, ndivyo ilivyotangazwa, njiti wa kilo nne. Maneno yakamjaa mdomoni. Yangetosha kumfanya mwenyekiti atafute mlango aliofunga mwenyewe.

Hakuyasema. Alimeza, na ikamuuma, na kwa mara ya kwanza akajua inamuuma nini. Hakuona wivu kwa sababu maharusi wake walikosea. Aliumia kwa sababu waliishi. Kila mmoja alikwenda kuishi maisha yake, akapenda, akateleza, akainuka, akazaa njiti wa kilo nne, na yeye waliyempa akiba zao azifumue ndiye waliyemwacha awe msafi kwa niaba yao wote. Alikasirika kweli, hasira nzuri ya kuamsha mtu.

"Nitakuja kuzungumza," akasema.

Mwenyekiti akamshika mikono kwa shukrani, akaacha hotuba mezani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mabinti wamekaa mbele na simu zao mapajani, kina mama nyuma wakiwalinda migongo. Mama mzazi wa mwenyekiti, bibi wa masikio mazito, akaletwa akaketishwa karibu na jukwaa. Shangazi akapanda, akavaa miwani, akaitazama hotuba, akaivua miwani.

"Badala ya kunisikiliza, niulizeni," akasema.

Wakatazamana. Msichana mmoja, ambaye alionekana ametumwa na mama yake kwa kiwiko, akasimama. "Shangazi, uliwezaje kuvishinda vishawishi?"

"Mwanangu, kushinda ni mpaka upigane. Mimi sikupigana na mtu. Waliokuja sikuwapenda, na wa kumpenda alikuwa hajaja. Nikashona nguo." Baadhi ya mabinti wakaweka simu chini. "Usiende na mtu kwa kuogopa kuachwa, hilo nakuusia, na usijikatalie kwa kuogopa kusemwa. Humu ndani wamo waliongoja na wamo waliotangulia. Wote nimewashonea, na wote walipendeza."

Nyuma kina mama wakawa kimya kabisa, kimya cha watu wanaohesabu miezi.

"Mimi mnanisifu bure. Mtu asiyealikwa karamuni hasifiwi kwa kufunga. Mlinipa kiti cha mbele nikakaa, na kilikuwa kitamu, sitawadanganya. Lakini sasa nimealikwa," sauti ikamtetemeka, akaiacha itetemeke, "na ninakwenda."

Kisha bibi wa masikio mazito akamvuta mwanawe. "Anakwenda wapi?"

"Baadaye, mama."

"Nimeuliza anakwenda wapi!"

"Anaolewa!" mwenyekiti akalazimika kupaza sauti, mbele ya mabinti wote.

"Nani?"

"Kufuli!"

Bibi akamtazama Shangazi juu mpaka chini, bila haraka. "Basi mwacheni awahi," akasema. "Mnamcheleweshea nini na maswali?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mabinti walicheka kwanza, kina mama wakafuata, na mwenyekiti mwenyewe, mnajua jinsi kicheko kinavyomshika mtu asiyetaka, akajiziba kwa nakala yake ya hotuba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijui yalikuwa ya nini yote. Shangazi hakungoja kujua. Akashuka jukwaani, akatoka mlango wa mbele mchana kweupe.

Ng'ombe hazeeki maini, lakini magoti huzeeka, na barabara ya kwenda kwa fundi ina mwinuko. Habari zilikuwa na magoti mazima; zilifika kabla yake. Alimkuta fundi mlangoni, amesimama katikati ya masanduku ya vifaa yaliyofungwa nusu, mkononi ameshika nyundo ambayo hajui afanye nayo nini.

"Nimeambiwa na watu watatu," akasema. "Kila mmoja na lake. Mmoja anasema umehubiri."

"Fungua hayo masanduku. Unakaa."

Fundi akaweka nyundo chini taratibu. Uso wake wote ulifurahi, na Shangazi, ambaye hajapata kufurahiwa namna hiyo na mtu mzima, alitafuta pa kukaa. Akakaa juu ya sanduku. Ujasiri wote wa ukumbini ulikuwa umebaki ukumbini.

"Kuna jambo lazima nikwambie kabla hatujafika mbali," akasema, anatazama viatu vyake. "Mimi sijui chochote. Si mzaha wa mtaani, ni kweli. Umri huu wote. Sijui hata mtu akilala karibu yako, mkono wako unauweka wapi."

Fundi alikaa kwenye sanduku la pili, magoti yao yakakaribiana. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, ile mikubwa, yenye mafuta yasiyotoka kwa sabuni.

"Mimi nilikuwa nikijua," akasema mwishowe. "Lakini ni siku nyingi. Nimelala peke yangu mpaka nimesahau."

Shangazi akainua macho, akaona kwamba naye anaogopa. Akasogeza mkono wake kidogo juu ya sanduku, naye fundi akausogeza wake, wakakaa hivyo huku watu wakipita na kuchungulia.