Kwa Nyangeta, Kabla ya Mtihani wa Fasihi

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu Nyangeta, na jana ulipolala juu ya meza yangu hapa Buhare, kijiko kikiwa bado mkononi na wali umepoa, siku hiyo ilinirudia yote. Ulipozinduka ukaniambia, "Shangazi, nikikosa safari hii sijui nitakuwa nani." Sikukujibu. Nilikuwa nimechoka, na jibu lenyewe ni refu. Nalitoa leo.

Nilikuwa na umri kama wako, mwalimu wa Kiingereza kule Murangi, nami najiandaa kwa mtihani kama huu unaokukausha wewe: mtihani wa mchujo wa kuingia shahada ya pili ya fasihi ya Kiingereza. Waombaji walikuwa wengi na nafasi zilikuwa haba. Nilitaka moja kuliko nilivyotaka mume. Usicheke. Wachumba walikuwa tele, nafasi ndiyo iliyokuwa adimu.

Rafiki yangu aliyekuwa Dar es Salaam alinitumia madesa, yale makaratasi ambayo wanafunzi hurithishana, yenye majibu yaliyokwisha pikwa: dhamira hii hapa, ujumbe huu hapa, mtaalamu fulani kasema hivi. Nikayakariri. Nilipiga msuli miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya baridi ili usingizi usinishinde, asubuhi naingia darasani macho mekundu, jioni naanza tena. Riwaya zenyewe nilikuwa nazo, nimezifunika vizuri kwa gazeti, lakini nilizifungua kwa nadra. Kwa nini nitwange mahindi wakati unga upo? Wewe leo madesa yako yamo ndani ya simu, inakufupishia kitabu kizima kabla chai haijachemka. Sikulaumu. Ningekuwa nayo simu hiyo, nadhani nisingefungua kitabu hata kimoja.

Jumamosi moja nikaenda Butiama kumwona Mwalimu Magesa, mzee aliyenifundisha Kiingereza sekondari, wakati huo alikuwa amestaafu. Nyumba yake ilikuwa kwenye njia ya kwenda Mwitongo, nami nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nilisema nimekuja anisikilize. Kweli yenyewe nilikuja nisifiwe. Nikamtolea riwaya moja iliyokuwamo kwenye orodha ya mtihani, ya mwanamke aliyerudi kwao baada ya miaka mingi akamkuta dada yake mkubwa anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi.

"Haya, nisimulie," akasema.

"Dhamira kuu ya riwaya hii, Mwalimu, ni upatanisho..."

"Sijakuuliza dhamira. Ilikuwaje?"

Nikaanza upya. Nikataja ishara, nikataja migogoro ya nafsi, nikamtajia wataalamu wawili kwa majina. Mzee akaendelea kupukuchua. Kisha akaniuliza yule dada mkubwa alifanya nini alipomwona mdogo wake mlangoni. Nilikuwa sijui.

"Wewe binti, unasomaga kitabu, au unasomaga habari za kitabu?" Hakupandisha sauti, ndiyo maana iliniingia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku ile watakuuliza wewe, hawatawauliza wenye hayo makaratasi. Na huo uso, umeuchosha hivyo kwa ajili ya nini? Nenda kalale kwanza. Ukiamka msimulie mama yako hicho kitabu, kwa Kijita, mpaka akielewe. Pale utakapokwama, ujue hapo hujasoma."

Niliondoka nimenuna. Mama yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini mwili ulikuwa umekwisha, basi nikatii lile la kulala, na nililala mpaka ibada ya Jumapili ikanipita. Mchana nikamkuta mama ufukweni anageuza dagaa juani, nikakaa karibu yake na riwaya yangu, nikaanza kusimulia kwa shingo upande.

Mwanangu, hakuna kazi niliyowahi kuifanya ngumu kama ile. Kijita hakina neno la kujifichia. Huwezi kumwambia mama yako "migogoro ya nafsi" halafu ukapita. Itabidi useme nani alimkasirikia nani, na kwa nini, na walikuwa wamekaa wapi. Nilikwama kila mara, nikafungua ukurasa, nikasoma, nikarudi kwake. Usidhani mama alikuwa na hekima ya kitabu. Alitaka kujua ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani, na mhusika mmoja alimchukia bure tu, mpaka mwisho. Ila tulipofika mahali mgeni anaingia ndani, aliuliza kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeuliza: "Wakala pamoja?"

Nikarudi kitabuni. Dada mkubwa alimimina chai kikombe kimoja, akampa mdogo wake, yeye akasimama pembeni anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari. Madesa yangu yaliiita sehemu ile upatanisho. Niliisoma tena na tena nikaona kuwa hapana, mgeni huyu amelishwa, hajapokelewa. Nikalia pale kwenye mchanga, mama ananishangaa. Nilikuwa namjua yule dada mkubwa. Kila ukoo unaye mmoja.

Tukaendelea hivyo kitabu kwa kitabu mpaka siku ya mtihani. Niliandika nilichokiona kwa macho yangu, na nilitoka kwenye chumba kile nikiwa mwepesi.

Hapa ndipo wazee wengi huruka mpaka siku ya joho, wakakuonyesha na picha. Mimi sina joho la kukuonyesha. Sikupata. Majibu niliyafuata Mwanza, nikaambiwa niliandika vizuri, ila kuna walioandika vizuri zaidi, na nafasi zimejaa. Basi.

Na unajua watu wetu. Kanisani walikuwa wameniita mbele, wakaniwekea mikono, wazee wakaniombea kwa jina. Sasa ningepita wapi? Basi la Musoma lilipofika Bunda nikashuka, nikajificha kwa mwalimu mwenzangu, nikawa sitoki nje hata kuanika nguo. Habari zikamfikia mama. Akaja, amevaa kitenge chake cha ibada, akasimama mlangoni.

"Mama, nimekosa," nikamwambia.

"Nimesikia. Chuo kimekukataa. Mimi sijakukataa. Vaa viatu twende."

Tukaenda. Jumapili nilikaa benchi lilelile, watu wakanitazama, wakachoka kunitazama. Sikujaribu tena. Mama alianza kuugua, nikaahirisha, na kuahirisha kukawa mazoea. Hilo linaniuma mpaka leo, sitakudanganya kwamba haliniumi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mimi nikaliacha koleo chini. Lakini nimefundisha mpaka nimezeeka, na darasani kwangu hakuna mtoto aliyenipa dhamira kabla hajaniambia ilikuwaje.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, najua ni rahisi kwangu kusema. Hata hivyo sikiliza. Weka hayo ya simu pembeni, ukutane na vitabu vyenyewe, na ukitaka wa kumsimulia nipo, magoti ndiyo mabovu, masikio bado. Lala. Mtu aliyechoka haoni vikombe viko vingapi mezani. Ukikosa, jaribu tena mwaka ujao, usinifuate mimi katika hilo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini na anayekubali upesi mno hubaki na swali lake hadi uzeeni, nami nalijua uzito wa swali hilo.

Na lile uliloniambia jana. Mwanangu, mtihani huu utasema kama kuna kiti chako kwenye darasa fulani mwaka huu. Zaidi ya hapo haujui kitu. Haukuwepo tulipokupa jina. Haukukubeba mgongoni ulipougua surua. Wewe ni nani, waulize waliokulea. Nami nakuambia wewe ni wetu, ulikuwa wetu kabla hujajua herufi, na hakuna karatasi ya kulibadilisha hilo.

Mungu akufungulie macho ukiwa unasoma, ayafumbe kwa amani ukiwa unalala. Akubariki siku utakayokwenda. Na siku utakayorudi, kwa jibu lolote, akubariki mara mbili.